Waliokwishaamka Kabla ya main

Ilikuwa Alhamisi jioni, siku ya klabu. Chai ilikuwa imekwisha, mandazi yamebaki mawili ambayo kila mtu aliona haya kuyachukua, na sisi tunaokaa meza ya mwisho, ile ambayo wenzetu wameibandika jina la "meza ya mafundi", tulikuwa tunafunga mikoba. Ndipo dada mmoja anayesoma isimu alipotuwekea laptop yake mbele yetu. "Jamani, nyie watu wa kompyuta, hebu nitazamieni hii. Jana ilikuwa inafanya kazi."

Sentensi hiyo ya mwisho tunaisikia kila wiki, na mara nyingi jibu lake ni jepesi. Safari hii halikuwa jepesi. Dada huyu anaandika tasnifu ya uzamili juu ya kutambua maneno ya Kiswahili katika rekodi za sauti. Programu yake ya Python inachukua kipande cha sauti, inakadiria uwezekano wa kila neno, halafu inatoa jedwali. Zilikuwa zimebaki siku kumi na mbili awasilishe kazi. Jedwali ambalo jana yake lilijaa tarakimu, sasa lilikuwa na safu nzima ya neno moja: nan, yaani "si namba".

"Umebadilisha nini?" tukamuuliza.

"Kaka, nimeongeza mstari mmoja tu. Na hata sijautumia."

Ilikuwa kweli. Juu kabisa ya programu aliongeza mstari wa import, wa kuleta kifurushi cha kuvuta mafaili kutoka mtandaoni, kwa nia kwamba baadaye programu ichukue rekodi yenyewe. Hakuna mahali alipokiita kifurushi hicho. Tukaufuta ule mstari, tarakimu zikarudi. Tukaurudisha, nan. Tulifanya hivyo mara tano, kwa sababu hatukuamini macho yetu. Mwenzetu mmoja wa sheria akasema kifurushi kina husuda.

Swali lililotukesha usiku ule, na lililotufanya tuandike makala haya, ni hili: inawezekanaje kitu ambacho hujakiita kibadilishe hesabu zako?

Nani anamwamsha nani

Tuanze na maneno, maana wasomaji wetu wengi si wa kompyuta. Maktaba, kwa lugha ya waandika programu, si nyumba ya vitabu kama hii tunayokutania orofa ya chini. Ni faili lililojaa funksheni zilizokwisha kuandikwa, ambazo programu nyingine zinaazima. Maktaba ya pamoja ni ile inayokaa mara moja tu kwenye diski, na kila programu inayoihitaji huiunganisha wakati wa kuanza. Kwenye Linux mafaili hayo huwa na .so katika majina yao, kwenye Windows .dll, kwenye macOS .dylib.

Kitabu cha mwaka wa kwanza kitakuambia kwamba programu ya lugha ya C inaanza kwenye funksheni iitwayo main. Tumeambiwa sote, tukajibu hivyo kwenye mtihani, tukapewa alama. Si kweli kabisa. Ukitaja programu na kubonyeza kitufe, kerneli ya Linux hulifungua faili la programu na kukuta ndani yake limeandikwa jina la programu nyingine. Kwenye kompyuta nyingi za kawaida za Linux jina hilo ni /lib64/ld-linux-x86-64.so.2. Huyu ndiye tunayemwita kipakiaji. Kerneli humpakia yeye pamoja na programu yako, kisha humkabidhi yeye usukani. Programu yako inasubiri.

Kipakiaji hujirekebisha chenyewe kwanza, kwa sababu nacho hakijui kimewekwa wapi katika kumbukumbu. Halafu husoma orodha ya maktaba ambazo programu imesema inazihitaji, huzipakia, husoma orodha za maktaba hizo nazo, hupakia nyingine, mpaka ukoo mzima umekusanyika. Baadaye hurekebisha anwani: kila mahali palipoandikwa "nitaita printf" hujazwa anwani halisi ambako printf iko leo. (Nyingine huachwa zijazwe siku zitakapoitwa mara ya kwanza, lakini hilo tuliache.)

Na hapo ndipo panapokuja jambo la makala haya. Kabla ya kuiachia programu usukani, kipakiaji hupita kila maktaba na kuuliza: una lolote unalotaka kufanya kwanza? Maktaba inayo haki ya kuacha orodha ya funksheni za kuitwa mara tu inapopakiwa, kabla hata mtu hajaihitaji. Tumebishana sana kuhusu jina lake. Mmoja alitaka "kitangulizi", mwingine "kifunguzi". Tumekubaliana kuziita vianzishi. Orodha yenyewe ndani ya faili huitwa init_array, na ni safu ya anwani tu, moja baada ya nyingine. Kuna na mtindo wa zamani zaidi, funksheni moja iitwayo _init. Faili likiwa navyo vyote viwili, _init huitwa kwanza, orodha ikafuata.

Ukitaka mfano, fikiria shughuli ya harusi. Waalikwa wanadhani shughuli inaanza bwana harusi akiingia ukumbini. Waulize kina mama wa jikoni. Wao wameamka saa tisa za usiku, wamekwishaosha mchele, wamekwishakaanga vitunguu, na wengine wamekwishagombana. Bwana harusi ni main. Vianzishi ni kamati ya jikoni.

Nani anaviandika? Hapa wengi tulishangaa. Katika C lazima mwandishi atake mwenyewe: anaiwekea funksheni yake alama ya constructor, ambayo kompaila ya GCC inaielewa. Katika C++ unaweza kuandika kianzishi bila kujua. Ukitangaza kitu cha jumla, nje ya funksheni zote, na kitu hicho kinahitaji kujengwa wakati programu inaendeshwa, kompaila inakutengenezea kianzishi kimyakimya. Na kuna chanzo cha tatu, ambacho usiku ule hatukukijua: wakati mwingine ni kompaila yenyewe inayoamua kuongeza chake.

Mpangilio wa foleni

Ikiwa jiko lina wapishi ishirini, nani anaanza? Kanuni iliyoandikwa katika maelezo ya mfumo wa mafaili ya ELF, ambao Linux na Unix nyingi zinaufuata, inaeleweka hata kwa bibi: kama maktaba A inaitegemea maktaba B, kianzishi cha B kinatangulia. Mwenye kuleta maji hutangulia mwenye kupika wali. Wakati wa kufunga programu mambo hugeuzwa: aliyeanza mwisho hufunga kwanza.

Ili tuone kwa macho tulitengeneza vimaktaba viwili, kila kimoja na kianzishi cha kuchapisha mstari mmoja: "maji tayari" na "wali tayari". Wali ulitegemea maji. Programu yenyewe tuliiunganisha na wali tu. Tukaiendesha tukitazamia kuona maji, kisha wali, kisha salamu ya main.

Maji hayakuonekana kabisa.

Tulihangaika nusu saa. Kumbe kwenye Ubuntu, kiunganishi huambiwa tangu mwanzo kwamba kisiandike utegemezi usiotumika. Maktaba yetu ya wali ilisema inategemea maji, lakini haikuita funksheni hata moja kutoka huko, basi kiunganishi kikaona ni porojo na kukata jina la maji kwenye orodha. Maktaba isiyotajwa haipakiwi, na isiyopakiwa kianzishi chake hakiendeshwi. Anayeunganisha maktaba kwa ajili ya kianzishi chake peke yake na akumbuke hili; lisipomkuta leo litamkuta siku akibadilisha kompyuta. Tulipoifanya wali iite funksheni moja ndogo ya maji, foleni ikawa kama kitabu kinavyosema.

Kisha tukajaribu lililo baya zaidi. Wali iliita funksheni ya maji lakini bila kusema popote kwamba inaitegemea. Programu kuu ndiyo iliyoziunganisha zote mbili. Kwa kipakiaji hizi sasa ni ndugu wasiohusiana, na kanuni haisemi nani atangulie. Kwenye mashine yetu iliyotajwa mwisho katika amri ya kuunganisha ndiyo iliyoanza. Tukigeuza majina katika amri, foleni inageuka. Programu ni ileile, hakuna herufi iliyobadilika, na upande mmoja wali unapikwa kwenye sufuria kavu. Wangapi kati yetu wanapanga majina ya maktaba kwa kufuata kanuni? Tunanakili amri kutoka kwa aliyetutangulia.

Na je, A ikiitegemea B, na B nayo ikaitegemea A? Hapo hata kanuni yenyewe inanyosha mikono: mpangilio ndani ya duara hauna ahadi. Kipakiaji hakigomi, hakilalamiki, kinachagua tu. Namna ya kuchagua ilibadilika kwenye glibc, maktaba kuu ya C ya Linux nyingi. Mpaka miaka ya karibuni njia ya kupanga ilikuwa inachelewa sana panapokuwa na maktaba nyingi zenye kutegemeana kwa kuzunguka. Toleo la 2.35, la Februari 2022, likaleta njia mpya inayoshuka kila tawi mpaka chini kabla ya kupanda. Waliacha mlango wa nyuma: kuna kigezo glibc.rtld.dynamic_sort ambacho ukikipa 1 unarudi kwenye njia ya zamani. Walijua kwamba kuna watu ambao programu zao zilikuwa zinafanya kazi kwa bahati ya mpangilio wa zamani.

Kuna tofauti nyingine ndogo ambayo huwaumiza wanaohamisha programu kutoka Linux moja kwenda nyingine. glibc hukipa kila kianzishi vitu vitatu: idadi ya hoja za amri, hoja zenyewe, na vigeu vya mazingira. Watu wakazoea kuvisoma. Maktaba ya C iitwayo musl, inayotumiwa na Alpine Linux, haivipi vianzishi chochote, wala haivunji kanuni yoyote kwa kutofanya hivyo. Kianzishi kilichozoea kusoma hoja zake, kikifika huko, kinasoma takataka.

Ufunguo mfukoni mwa aliyelala

Tusije tukadhani vianzishi viko mwanzoni tu. Programu inaweza kuomba maktaba mpya ipakiwe katikati ya safari kwa kuita dlopen, na kianzishi cha maktaba hiyo kitaendeshwa papo hapo, ndani ya ombi hilo, kabla dlopen haijarudi. Import ya Python ya kifurushi chenye sehemu zilizoandikwa kwa C ni dlopen chini kwa chini. Simu zetu za Android hufanya vivyo hivyo: programu ya Java ikiita System.loadLibrary, kipakiaji cha Android huendesha vianzishi vya maktaba, na baada yake ndipo JNI_OnLoad inapoitwa.

Wakati huo wote kipakiaji kinashika kufuli, ili nyuzi mbili zisipakie kwa pamoja na kuharibu orodha. Kufuli la glibc linamruhusu aliyelishika kuingia tena, kwa hiyo kianzishi kinaweza chenyewe kuita dlopen. Tatizo linakuja kianzishi kikianzisha uzi mpya na kukaa kuusubiri. Ule uzi ukihitaji kupakia chochote, unasubiri kufuli. Mwenye kufuli anausubiri uzi. Programu inaganda, haili wala hailali. Kwenye Windows ni kali zaidi. DLL inaweza kuwa na DllMain, na uzi mpya kabla ya kuanza kazi lazima upite kwenye DllMain za DLL zilizopakiwa, kazi inayohitaji kufuli lilelile. Kwa hiyo kuanzisha uzi ndani ya DllMain na kuusubiri ni kujifungia nje na ufunguo umebaki ndani. Maelezo ya Microsoft yenyewe yanakataza hata kuita LoadLibrary humo.

Sisi tumefikia msimamo, ingawa si wote wa mezani waliukubali. Kianzishi kifanye kazi ndogo kiasi cha kuona aibu: kujaza jedwali, kuweka kigeu sifuri. Kama maktaba inahitaji kufungua faili, kusoma mipangilio au kuanzisha nyuzi, iweke funksheni ya wazi ya kuanza ambayo mtumiaji ataiita mwenyewe akijua anachofanya. Au isubiri mpaka ihitajike kwanza. C++ tangu mwaka 2011 inaahidi kwamba kigeu tuli ndani ya funksheni kitajengwa mara moja tu, hata nyuzi kumi zikifika kwa pamoja, kwa hiyo kisingizio cha kujenga kila kitu nje ya funksheni kimepungua. Mwenzetu mmoja alipinga: watumiaji husahau kuita funksheni ya kuanza, halafu lawama inamrudia mwandishi wa maktaba. Hilo nalo ni kweli.

Aliyepunguza gesi

Sasa turudi kwa dada yetu, maana saa sita usiku ilikuwa imepita na mlinzi wa jengo alikuwa amekwishachungulia mara mbili.

Tuliendesha programu yake tukiwa tumeweka LD_DEBUG=libs mbele ya amri. Kipakiaji cha glibc kikiambiwa hivyo kinasimulia kila kinachofanya, na miongoni mwa mistari mingi inatoka ile ya "calling init", ikifuatwa na jina la maktaba. Hapo tukaona kwamba ule mstari mmoja wa import ulikuwa unaamsha maktaba kadhaa, kila moja na chake. Kabla ya hapo tulikuwa tumepuuza onyo la NumPy lililokuwa linapita juu ya skrini, likisema kwamba namba ndogo kuliko zote za aina ya float64 ni sifuri. Tulilisoma tena, taratibu safari hii. Namba ndogo kuliko zote haiwezi kuwa sifuri.

Hapa inabidi tueleze kidogo namba za desimali za kompyuta. Namba ya kawaida ya biti 64 inaweza kushuka mpaka takriban 2.2 mara kumi kwa kipeo hasi 308. Chini ya hapo kiwango cha kimataifa cha hesabu hizi, IEEE 754, hakikati ghafla. Kinaacha ngazi ndogondogo za kushukia, usahihi ukipungua kila hatua, mpaka kama 4.9 mara kumi kwa kipeo hasi 324. Baada ya hapo ndipo sifuri. Ngazi hizo zina faida moja kubwa: namba mbili zikiwa tofauti, ukitoa moja kwenye nyingine hupati sifuri. Mwandika programu anaweza kuuliza "je, x na y ni sawa?", akiambiwa hapana, akagawa kwa tofauti yao bila hofu.

Lakini hesabu kwenye ngazi hizo zinaweza kuwa za polepole kwa baadhi ya vichakato, na watengenezaji wa michezo na muziki hawana haja nazo. Kwa hiyo vichakato vya Intel na AMD vina rejista ndogo iitwayo MXCSR, na ndani yake biti mbili ambazo ukiziwasha, namba zote za ngazini huhesabiwa kuwa sifuri. Nyumbani duka likikosa senti za chenji unapewa pipi. Hapa hata pipi hupewi.

Kompaila ya GCC ina kipengele cha -ffast-math, kwa wanaotaka kasi na hawajali usahihi wa mwisho, na kipengele cha -Ofast hukiwasha nacho. Kwa miaka mingi, ukitumia kipengele hicho wakati wa kuunganisha, GCC iliongeza kipande kidogo cha programu kilicho katika faili liitwalo crtfastmath.o. Kipande hicho ni kianzishi. Kazi yake ni moja tu: kuwasha zile biti za MXCSR. Kwa programu kamili hilo linaeleweka, mwenye nyumba kaamua. Lakini kiliongezwa hata kwenye maktaba za pamoja. Kwa hiyo mwandishi wa kifurushi cha mtandao, aliyeweka -Ofast kwa kuona jina lake zuri, alikuwa ametengeneza maktaba ambayo kila inapopakiwa inabadilisha hesabu za uzi mzima ulioipakia, na za nyuzi zote zitakazozaliwa na uzi huo baadaye. Mpishi mmoja kaingia jikoni, kapunguza gesi ya majiko yote, kaondoka zake.

Programu ya dada yetu ilikuwa inazidisha uwezekano mdogo kwa uwezekano mdogo, sauti baada ya sauti. Kwa rekodi ndefu matokeo yalishuka mpaka kwenye zile ngazi, halafu yakagawanywa kwa jumla yao ili yawe sehemu ya moja. Gesi ilipopunguzwa, kila uwezekano ukawa sifuri na jumla ikawa sifuri. Sifuri kugawa kwa sifuri ni nan.

Kipimo tulichokitumia kumpata mwenye kosa ni chepesi, na yeyote anaweza kukijaribu kwenye Python: weka x iwe 2.3e-308, kisha chapisha x/10. Mashine nzima hukupa namba ndogo yenye kipeo hasi 309. Ikikupa 0.0, kuna mtu kagusa gesi. Tulichapisha hivyo baada ya kila maktaba kupakiwa, tukaiona inayohusika, tukaifungua kwa objdump, na tukaikuta amri ya ldmxcsr ndani ya funksheni iitwayo set_fast_math. Mtu wa sheria, aliyekuwa amekataa kwenda kulala, alipiga kelele kama Simba wamefunga bao.

Hatukuwa wa kwanza. Mwaka 2022 mtafiti Brendan Dolan-Gavitt alichambua vifurushi vya Python vilivyowekwa hadharani na kuonyesha kwamba kulikuwa na vingi vyenye kianzishi hiki, na kwamba vingine vinavitegemea hivyo bila kujua. Malalamiko juu ya tabia hiyo yalikuwa yamefikishwa kwa GCC tangu mwaka 2012. Hatimaye GCC 13, ya mwaka 2023, iliacha kuongeza kipande hicho kwenye maktaba za pamoja. Lakini maktaba zilizojengwa kwa kompaila za zamani bado zipo kwenye diski za watu, na mojawapo ilikuwa kwenye diski ya dada yetu.

Mlango ulio mbele ya mlango

Hilo lilikuwa kosa lisilo na nia mbaya. Kuna tukio jingine ambalo wengi wetu tulilisikia, lenye nia mbaya tangu mwanzo.

Tarehe 29 Machi 2024 Andres Freund, mmoja wa watengenezaji wa hifadhidata ya PostgreSQL, alitangaza kwamba matoleo 5.6.0 na 5.6.1 ya xz, maktaba ya kubana mafaili, yamewekewa mlango wa siri. Aligundua kwa sababu ya uchelewaji: jaribio la kuingia kwa ssh kwenye mashine yake ya Debian ya majaribio lilikuwa likichukua kama sekunde 0.3, sasa likachukua kama 0.8. Nusu sekunde. Wengi wetu tungesema ni intaneti ya bweni.

Cha kushangaza ni kwamba OpenSSH haitumii xz. Lakini baadhi ya wasambazaji wa Linux walikuwa wameiongezea sshd maktaba ya systemd ili itoe taarifa ikiwa tayari, na maktaba ya systemd ilikuwa inaitegemea liblzma, ambayo ndiyo xz. Ule ukoo tulioueleza mwanzo, wa kipakiaji kukusanya mjukuu na kitukuu, ndio ulioiingiza xz ndani ya programu inayolinda mlango wa seva.

Na haikuingia kwa kianzishi cha kawaida. Ilitumia kitu kinachotangulia hata vianzishi. Maktaba inaweza kusema: "jina hili lina matoleo kadhaa, niulize kwanza nikuchagulie linalofaa kichakato hiki." Ni njia halali, glibc inaitumia yenyewe kuchagua funksheni za haraka za kunakili kumbukumbu. Lakini "niulize" maana yake ni kuendesha funksheni ya maktaba wakati kipakiaji kingali kinarekebisha anwani, kabla jedwali la anwani halijafungwa lisiandikwe tena. Mwizi aliingia hapo, wakati milango inapigwa bawaba, akajipenyeza mpaka kwenye funksheni ya kukagua saini za RSA. Baadaye toleo la 9.8 la OpenSSH, la Julai 2024, likaja na namna yake yenyewe ya kuiarifu systemd bila kuhitaji maktaba ile. Mjomba mmoja kaondolewa kwenye ukoo.

Tunalisimulia hili kwa sababu watu wakisikia "usalama" hufikiria nywila. Kila jina kwenye orodha ya maktaba za programu yako ni mtu uliyempa ruhusa ya kufanya chochote ndani ya nyumba kabla wewe hujaamka, kwa mamlaka uliyo nayo wewe. Sshd ina mamlaka ya root.

Dada yetu alitaka kujua la kufanya, si historia. Tulimjengea upya kile kifurushi kutoka kwenye msimbo wake bila -Ofast, na 0.0 ikatoweka. Msimamizi wake alipoelezwa alicheka, akasema kwamba hata hivyo uwezekano haupaswi kuzidishwa hivyo, unajumlishwa kwa logi, na hilo lilikuwa mwaka wa kwanza. Ni haki yake kusema. Akaandika upya sehemu ile kwa logi, na majibu ya rekodi fupi yakabaki yaleyale, ya rekodi ndefu yakawa bora kidogo kuliko hata kabla ya hitilafu. Maana yake ni kwamba zile ngazi ndogo nazo zilikuwa zinampunja, taratibu, bila nan ya kumwamsha.

Amewasilisha, siku mbili kabla ya mwisho. Vile vimaktaba vya maji na wali bado tunavyo, na atakayependa kuvijaribu aje Alhamisi na laptop yenye Linux. Wenye Mac nao waje, kipakiaji chao kinaitwa dyld na kina tabia zake. Bado hatujakiandikia mfano, na tungependa mwenye subira atusaidie.